Kurudi Kwenye Cherehani

Nawasalimu nyote wa kikundi chetu, na nyinyi pale nyuma mnaonyonyesha, hamjambo. Nimeombwa niseme vile nilirudi kazini. Nitasema tu vile ilikuwa.

Kabla sijazaa, nilikuwa fundi wa kushona sare za shule kule Kawangware. Kola ndiyo ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa naiweza. Mtoto wa kwanza alipozaliwa nikamwambia mwajiri nitarudi akianza kutembea. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Cherehani ikawa kitu nilichosikia tu nikipita kwa mafundi wa Laini Saba, huku kwetu Kibera, mtoto mgongoni.

Kitinda mimba alipoanza shule, nikavaa rinda la kanisani nikarudi Kawangware kuomba kazi. Ndugu zangu, nawaambia, nilienda kama mtu anayerudi kwao. Kumbe mwajiri wa zamani alishauza ile karakana. Msimamizi alikuwa msichana mdogo kwangu sana. Akanipa kitambaa, akanikalisha kwenye mashine ya stima, hii ya umeme. Mimi nilizoea ile ya kukanyaga. Nilipogusa tu, kitambaa kikakimbia, uzi ukakatika, sindano ikavunjika. Nikajaribu tena, ikavunjika nyingine. Hakunitukana. Alisema, "Mama, umekaa nje sana. Enda upumzike."

Nipumzike. Nani hapa amelea watoto akapumzika? Mnacheka, lakini siku hiyo sikucheka. Nilirudi Kibera kwa miguu na sikumwambia mtu.

Aliyenitoa hapo ni mama mmoja wa Soko la Toi, anayerekebisha nguo za mitumba. Nilimpelekea suruali ya mzee wangu, baba watoto, apunguze kiuno, nikabaki nimesimama naangalia mashine yake ya stima. Akaniuliza kama naijua. Nikamwambia yaliyonipata. Akainuka, akanipa kiti, akasema nishone matambara mpaka mkono uzoee. Nikawa naenda asubuhi nikishapeleka watoto shule. Namfagilia kibanda, naye ananiachia mashine akinywa chai.

Mkono ulipotulia nikarudi kwa yule msichana, nikamwomba anijaribu tena. Safari hii mshono ulinyooka. Akanichukua.

Mtadhani ndiyo mwisho. Hapana. Sijakaa sana, kitinda mimba akashikwa na homa, mwalimu akanipigia simu niko kwa mashine. Nikaomba ruhusa. Ikatokea tena, na msimamizi akaniambia nikiomba nyingine nisirudi. Jioni nikamweleza mzee wangu. Yeye ni mtu wa mjengo, kibarua wa kujenga nyumba, na wakati huo kazi ilikuwa ya kubahatisha, siku nyingi yuko nyumbani. Bado akasema labda niache kwanza, mtoto akue.

Nikamwambia, "Niliacha mara moja, na sijuti. Lakini sasa siachi. Wewe ndiye upigiwe simu na shule."

Tukalala hivyo. Asubuhi nikamkuta anamtafutia mtoto soksi chini ya kitanda. Alimpeleka mwenyewe, akamwachia mwalimu namba yake. Wanaume wa pale kwa kioski wakamcheka, wakamuuliza kama sasa yeye ndiye mama. Alirudi amekasirika kweli. Kesho yake akampeleka tena.

Basi, nashona. Kuna siku mgongo unauma, na kuna siku mzee anapika sukuma wiki inazidi chumvi. Tunakula.

Namshukuru mama wa Toi, ambaye yuko hapa na amenikataza nimtaje. Namshukuru yule msichana, kwa sababu hakulazimika kunijaribu mara ya pili. Mzee wangu ninamshukuru pia, ijapokuwa leo amebaki na watoto na hasikii.

Kwa mama anayefikiria kurudi kazini, mkono uliosahau hufundishwa tena, usiogope. Lakini kaa chini na mzee wako, muelewane kwanza nani ataitwa mtoto akiugua. Mimi nilizungumza na msimamizi, nyumbani nikanyamaza, na kazi karibu initoke. Wewe anzia nyumbani. Asanteni.