Mama Funguo, Mkunga Aliyengoja wa Kushika Nafasi Yake

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Mama Funguo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika nyumba ya bati nyuma ya stesheni, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Alitanguliza miguu, na hadi uzeeni mama yake alikuwa akisema, "Huyu tangu tumboni haambiliki."

Shule ya msingi aliimaliza 1982, enzi ambazo darasa la saba lilikuwa darasa la saba kweli. Yeye akaongeza juu yake chuo cha ukunga, akatoka na cheti na mdomo.

Tarehe 1 Julai 1989 serikali ilimwajiri, ikampangia zahanati ng'ambo ya mto: vyumba viwili, veranda, na mkunga peke yake. Funguo zote alizifunga kiunoni kwa utepe wa bendeji, ndipo jina likamganda.

Tarehe 8 Mei 1993 alifunga ndoa na fundi wa pampu wa idara ya maji mjini. Bwana hakuweza kumfuata, maana kule hakukuwa na pampu. Wakawa wanaonana Desemba, likizo isipoahirishwa. Watoto wao watatu wote walizaliwa Septemba, wakakulia kwa baba, na mashemeji hawakuacha kutania: "Bwana fundi, hawa ni watoto wa likizo!" Marehemu hakukosa jibu: "Afadhali sisi. Ninyi mnaoonana kila siku mna nini cha kuonyesha zaidi ya ugomvi?"

Lakini alichokitaka maishani ni kimoja tu, kukaa nyumba moja na mumewe. Kanuni za utumishi zinasema mume na mke wasitenganishwe na kazi, naye mwaka 1998 alikwenda ofisini kuidai haki hiyo.

"Dada, uhamisho umepata," afisa alimwambia. "Ila hutoki kituoni mpaka afike wa kushika nafasi yako."

"Na atafika lini?"

"Akipatikana."

Siku hiyo hiyo mumewe alinunua kabati la milango miwili. Upande wa kushoto ulikuwa wa mkewe, na henga zake zimening'inia tupu mpaka leo. Wa kushika nafasi walipangwa wawili katika miaka yote hiyo. Mmoja aliuona mto akageuza. Wa pili alifika, akauliza umeme uko wapi, akarudi na gari lile lile lililomleta.

Februari 2021 marehemu aligusa uvimbe kwenye titi lake. Hakuhitaji kuambiwa. Hospitali kubwa ilitaka alazwe upesi, na ofisi ikajibu kwamba ruhusa ya ugonjwa ni haki yake, ila zahanati isifungwe, avumilie atafutiwe mtu. Mwezi Juni mumewe alimfuata na pikipiki ya kukodi.

"Mama watoto, panda twende."

"Funguo nimkabidhi nani?"

"Ukabidhi mlango!"

Alicheka mpaka akashika ubavu. Lakini akiondoka bila kukabidhi angeandikwa mtoro, na mtoro hupoteza kazi na pensheni yote. Na pale verandani wajawazito wawili walikuwa wamekaa wanamtazama. "Nenda, baba watoto," alisema. "Nitakuja." Pikipiki ilirudi na mtu mmoja.

Alivuka mto Oktoba, kwa machela. Uvimbe ulikuwa umeshatembea mwilini. Alifariki tarehe 3 Novemba 2021, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Jana amefika nyumbani kwake, na leo tunamlaza nyuma ya nyumba ambamo hakuwahi kuishi mwezi mzima mfululizo.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili, na watoto wa watu aliowapokea, ambao wengi wenu mmesimama hapa.

Wa kushika nafasi yake ameripoti Jumatatu. Ni binti mpole, yuko nasi, na funguo amekabidhiwa. Tusimnunie, hana kosa. Amefunga ndoa mwaka huu, na mumewe ni mwalimu, mbali sana. Tulipomuuliza wataishi pamoja lini, alijibu, "Nimeambiwa uhamisho upo, nikipata wa kushika nafasi yangu."

Mama Funguo apumzike kwa amani. Likizo hii hakuna wa kuiahirisha.