Fundi Kwabena Amponsem, na Basi Nililomsingizia

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Yaw Boadum, Effiduase, Jumamosi tarehe 16 Machi 2024.

Fundi Kwabena Amponsem alizaliwa hapa Effiduase siku ya Jumanne, tarehe 7 Agosti 1956, mtoto wa tatu wa marehemu Opanyin Kofi Badu na marehemu Maame Afua Sekyiwaa. Mimi ninayesoma ni mdogo wake wa tumbo moja, niliyemfuata kuzaliwa. Wazee wa ukoo wameniruhusu kusoma, na baadhi yao wanajua nitakachosema. Ninyi wengine naomba mnivumilie.

Alisoma shule ya msingi na ya kati hapahapa, akamaliza mwaka 1972. Walimu walimpenda kwa hesabu, wakamchoka kwa maswali. Siku moja mwalimu wa sayansi alifundisha kwamba hewa ya moto hupanda juu. Kaka akanyoosha mkono: "Na juu kukizibwa, mwalimu, itapita wapi?" Darasa likacheka, naye akatolewa nje. Alikwenda kusimama chini ya dirisha, akamalizia somo huko huko, na jioni akanifundisha mimi kama vile hakuna aliyemfukuza.

Mwaka 1973 alikwenda Kumasi kujifunza ufundi wa injini za dizeli kwa Fundi Dwomoh, kwenye magereji ya Suame. Alitumika kwake miaka tisa, kisha mwaka 1982 akafungua gereji yake mwenyewe. Mabasi na malori ya magogo yenye turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, yalipozidi barabarani, jina lake lilitembea kwa kazi moja hasa: injini inayopumua kupita kiasi. Waliomo kwenye kazi hii wanaijua. Moto unaowaka juu ya pistoni haubaki wote juu. Kiasi hupenya kando ya ringi zinazoizunguka pistoni, kikashuka kwenye oili, kikatokea kwenye bomba la kupumulia. Kikiwa kidogo, ni kawaida. Kikizidi, bomba linafuka, oili inasukumwa nje, na mwenye gari anaambiwa na kila fundi: "Ringi zimekwisha, injini ifunguliwe."

Kaka hakufungua injini ya mtu kabla ya kupima. Alikuwa na ubao wenye bomba la plastiki lililopindwa, ndani yake maji ya bluu ya kufulia. Injini ikishapata moto, alichomeka ncha moja kwenye tundu la kijiti cha oili, akatazama maji yamepanda kiasi gani. Kisha alitenga kitu kimoja kimoja na kupima tena: kompresa ya breki, turbo, hata bomba la kupumulia lenyewe kama limeziba. Mafundi wenzake walimtania: "Kwabena, umefungua zahanati? Unampima gari presha!" Yeye alijibu: "Ninyi mnapasua mgonjwa kabla hamjamuuliza kinamuuma nini."

Tarehe 21 Aprili 1984 alimwoa Akua Twenewaa wa Asokore. Siku ya kubisha hodi kwao kuposa alifika na oili kwenye kucha, kwa sababu lori la watu wa msiba lilikuwa limewafia njiani naye alisimama kulitengeneza. Mjomba wa bibi harusi akamtazama mikono, akasema, "Mkono huu utaingia kwenye fufu ya nani?" Akua akajibu kutoka chumbani, watu wote wakamsikia: "Yangu, mjomba. Wewe utakula yako." Walijaliwa watoto watatu, na katika miaka thelathini na tisa ya ndoa sikuwahi kusikia sauti zao zikivuka ukuta.

Sasa nafika mwaka 2008.

Nilikuwa na basi moja, la safari za Tamale. Mwezi wa Agosti lilianza kufuka moshi chini na kula oili. Nililipeleka kwa kaka. Alipima, maji yakapanda shibiri nzima. Alifungua bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo, akalielekeza kwenye ndoo, akaziba tundu lililobaki kwenye injini, akapima tena. Maji yakashuka hadi vidole viwili.

"Umeona mwenyewe," aliniambia. "Ringi zako nzima. Turbo ndiyo inayopitisha gesi, inaisukuma ndani ya injini. Toa turbo hii, na hilo bomba la hewa lenye ufa ulibadilishe, vumbi lisije likala silinda. Basi lisitoke kabla ya hapo."

Shemeji yake alikuwa akiuza turbo. Hilo tu ndilo nililoliona. Nilimwambia mbele ya gereji nzima: "Kaka, ungeniambia tu unataka nimnunulie mke wako kanga. Kumla mdogo wako kwa kupitia mashemeji, ni aibu."

Watu walicheka. Yeye alikunja bomba lake, akamwaga yale maji ya bluu. "Yaw," alisema, "nikasirikie mimi. Basi usilitoe."

Nililitoa. Nililipeleka kwenye gereji nyingine ambayo sitaitaja, wakafungua injini, wakaweka ringi mpya, wakairudisha turbo ileile. Jumapili tarehe 28 Septemba, baada ya kuupita mji wa Kintampo, turbo ilikatika ndani. Injini ikaanza kunywa oili yake yenyewe. Dereva wangu, Issahaku Napari, alizima ufunguo, injini ikazidi kupiga kelele. Aliegesha, akawashusha abiria wote hamsini na mmoja, kisha akarudi peke yake kuziba njia ya hewa kwa kitambaa cha kiti ili injini ife. Oili ya moto ilimrukia. Abiria hakuna aliyeumia. Issahaku alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia, na hakuendesha tena.

Jumatano tarehe 22 Oktoba kamati ya mafundi na wenye magari ilituita. Mwenyekiti akaniuliza, "Nani aliigusa injini hii mwisho?"

Kaka alikuwa amekaa mbele yangu. Issahaku naye alikuwepo, mkono umefungwa bendeji. Kusema kweli kulimaanisha kukiri mbele ya Issahaku kwamba nilionywa nikakejeli. Nikasema: "Ni kaka yangu, Amponsem."

Mwenyekiti akamgeukia. "Fundi, una neno?"

Kaka alinitazama. Akasema, "Yaw ameshasema. Mimi sina la kuongeza."

Walimfungia gereji miaka mitatu. Nje ya ukumbi nilimkimbilia, nikamwuliza kwa nini hakunikanusha. Alisema: "Mama ana miaka themanini na mbili. Unataka akae asikilize wanawe wawili wakiitana mwongo mbele ya watu? Nenda nyumbani." Baada ya hatua chache akageuka. "Lakini Issahaku mwambie. Mimi kwa heshima ya mama nitanyamaza. Wewe huna sababu hiyo."

Sikumwambia.

Miaka ile mitatu kaka alizunguka vijijini, Ejura hadi Atebubu, akitengeneza injini za mashine za kusagia mahindi. Akina mama wa mashine walimpenda. Waliwekea injini zao vichujio vya hewa alivyowaonyesha, na leo wamo humu uwanjani, nimewaona, wamekodi gari zima kuja kumzika. Alirudi Suame mwishoni mwa mwaka 2011. Wenye mabasi wengi hawakurudi kwake. Alianza upya kwa matrekta na majenereta, mpaka magoti yalipokataa kuinama, mwaka 2019.

Mama alifariki mwaka 2013. Sababu ya kaka ya kunyamaza iliisha siku ile. Alinyamaza vilevile. Nami kila Krismasi nilipeleka kondoo nyumbani kwake, naye alimpokea, akamchinja, tukala pamoja. Sijui nilikuwa nikidhani ninafanya nini.

Tarehe 9 Novemba 2023 alipatwa na kiharusi akiwa bafuni. Upande wa kulia ukafa, na kauli ikaondoka. Hapo ndipo ulimi wangu ulipofunguka, alipokuwa hawezi tena kunijibu. Nilikaa kando ya kitanda nikamwambia kwamba nitakwenda kwa kamati, nitakwenda kwa Issahaku. Alinisikiliza. Kisha akafumba macho, akageuzia uso ukutani kwa upande aliouweza. Wapo wanaonifariji kwamba alikuwa amechoka. Mimi nilikuwepo. Hakuwa amechoka.

Alifariki Alhamisi tarehe 1 Februari 2024, saa kumi alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na saba. Nilikuwa bado sijaenda popote.

Nilikwenda kwa Issahaku wiki iliyofuata. Alinikaribisha, akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Bwana Yaw, miaka kumi na tano nimekuwa nikivuka barabara nisimsalimie kaka yako. Alinipungia mkono sokoni, nikatema mate. Mara ngapi? Sikuhesabu. Na yeye alijua, na wewe ulijua, na mimi ndiye niliyekuwa mjinga kati yenu."

Nikasema, "Nisamehe, Issahaku."

"Usiniombe hapa, tuko wawili. Ulimharibia jina watu wakisikia. Kaseme watu wakisikia."

Ndiyo maana ninasoma mimi. Kamati nimeiandikia barua, na mwenyekiti wa sasa yupo hapa na nakala yake. Injini ile kaka aliipima sawasawa. Hakuifungua, hakuifunga, hakula pesa. Mkono wa Issahaku haukuharibiwa na Amponsem. Uliharibiwa na mimi.

Ameacha mjane, Akua Twenewaa, watoto watatu, Adwoa Konadu, Kofi Antobam na Ama Birago, wajukuu saba, dada mmoja, Abena Nsiah, na mdogo mmoja, Yaw Boadum.

Nilipoandika orodha hiyo mara ya kwanza, jina langu sikuliweka. Nilimpelekea shemeji Akua asome kabla haijachapwa. Alisoma yote, hakulia. Alichukua kalamu ya mjukuu, akaliandika jina langu mwisho.

Nikamwambia, "Shemeji, sistahili kuwa humo."

Akasema: "Ukijitoa utapumzika, Yaw. Wa kupumzika ni yeye."

Pumzika, kaka.