Chumvi ya Bahari Iliyokauka

Basi la kwenda Usa lilipopita Tengeru, Ndeshi alikuwa ameshaamua kuing'oa kahawa ya marehemu mumewe. Tangu ruzuku ifutwe, bei ya mbolea haikushikika.

Kwenye kiti cha mbele mzee mmoja alimuuliza muuza pembejeo aliyeketi kando yake, "Hii potashi ya kwenye mbolea hutoka wapi, mwanangu?"

"Chini sana ardhini, mzee. Ni chumvi ya bahari zilizokauka kabla ya watu kuwapo."

"Mimi natia majivu ya jikoni, na yamenisomeshea watoto."

"Majivu nayo yana potashi, ila hayatoshi."

"Yanatosha."

Ndeshi alifumba macho, akaiona bahari imelala tuli chini ya mibuni, mizizi ikishuka kuinywa.

Basi lilisimama wawili hao wakibishana bado. Elinaza, kibarua aliyepatana naye aje kuing'oa mibuni kesho yake, alikuwa kituoni.

"Kesho usije," Ndeshi alimwambia taratibu. "Tuiache ione masika."