Hironimus Nyoni na Kiungulia Kilichonyamaza

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Nyoni, shikamooni, majirani zetu wa Mshangano, wenzake Baba mliosafiri kutoka Hanga, na ninyi nyote mliokuja kutushika mkono, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Adela, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, nitasoma haraka, mnisamehe, nikienda taratibu sauti itakatika, na huko mbele kuna jambo ambalo lazima nilifikie kabla hatujaenda makaburini.

Baba yetu, Hironimus Leo Nyoni, alizaliwa tarehe 30 Septemba 1961 kijijini Hanga, ambako sasa ni Wilaya ya Namtumbo, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Leo Nyoni na marehemu bibi yetu Notburga Gama, akabatizwa kwa jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa, kama walivyofanya wazazi wengi wa pale. Alisoma shule ya msingi hapohapo Hanga kuanzia mwaka 1970 hadi 1976 alipomaliza darasa la saba, alikuwa hodari wa hesabu, lakini hakuendelea, kwa hiyo mwaka 1978 akaingia kujifunza kazi ambayo ndiyo iliyomjenga, kazi ya kukausha tumbaku ya moshi.

Ambao hamjaifanya kazi hiyo, naomba mjue ilivyo, maana maisha ya Baba yamo humo. Majani yanatundikwa juu ndani ya bani, lile banda la kukaushia, chini unawekwa moto wa magogo usiotoa ndimi, moshi tu, na mtu anaulinda siku baada ya siku, moto ukizidi majani yanaungua, ukipungua yanaoza, hivyo mlinzi anakula ugali wake palepale akishiba sana na kulala chali palepale mlangoni, ili moshi ukibadilika harufu aamke. Halafu kuna kuonja. Fundi wa bani anachukua jani ambalo halijamaliza kukauka, analisokota, analivuta, aone kama limekolea, na Baba alikuwa fundi wa kuonja kuliko wote, alianza asubuhi kabla hata ya uji, wenzake wakimtania, "Nyoni, wewe unaonja au unakula?", naye anawajibu, "Mnunuzi ataonja, kwa nini mimi nisionje kwanza?" Kazi hiyo aliifanya kwa uaminifu hadi mwaka 2020, hata baada ya kuhamia hapa Mshangano mwaka 1999 alikuwa anarudi Namtumbo kila msimu, na ni yeye aliyemfundisha kaka yangu Marcelino, kulinda moshi, kulala mlangoni, na kuonja.

Tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa takatifu na mama yetu Honorata Haule wa Lizaboni, na Mungu akawajalia watoto wawili, Marcelino aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1988, na mimi niliyezaliwa tarehe 14 Februari 2001, amenisomesha mpaka kidato cha nne mwaka 2018 kwa jasho la moshi huohuo. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu wanne, wa mwisho ni Leticia wangu wa miezi mitano ambaye mnamsikia analia huko nyuma, shangazi mshike tu, nakuja.

Sasa ugonjwa. Kiungulia kilimwanza Baba mwaka 2009, kila akila kinapanda, akiinama kinapanda, akawa anatembea na magadi mfukoni, analamba, anacheua, anasema amepona, na hatukuona kama ni ugonjwa, nani hapa hana kiungulia? Mwaka 2019 ndipo Mama alipomlazimisha kwenda kwa Daktari Saimon, ambaye yuko nasi hapa, akampa dawa ya kupunguza asidi, akamwambia aache tumbaku, ale mapema, na ainue kichwa cha kitanda kwa matofali. Baba aliinua kitanda, aliacha na tumbaku mwaka uliofuata, dawa akawa anameza, na alikuwa na nafuu.

Mwaka 2021 likaingia nyumbani kopo la unga mwekundu. Aliyeuza simtaji na sikuja hapa kumhukumu, alitueleza vizuri tu, akasema mwilini mna kutu kama ya bati, unga huu una antioksidanti, unafuta kutu yote, dawa za hospitali ndizo zinazochosha mwili. Nyumba nzima tuliamini, kwa sababu maneno yenyewe yalifanana na tuliyofundishwa darasani kwenye kemia, chuma kikikutana na oksijeni kinapata kutu, basi kumbe hata koo, na Baba akaweka vidonge kabatini akawa anakoroga unga. Mwaka 2022 kiungulia kikanyamaza. Kabisa. Hakucheua, hakulamba magadi, akamwambia Mama mezani, "Honorata, moto umezimika, lete pilipili," na mwezi wa kumi mwaka ule tukatoa misa ya shukrani, tukachinja mbuzi, wengi wenu mlikuja mkala naye, mkamwona anavyocheka.

Jamani, nisikilizeni hapa. Daktari Saimon amenieleza, nimemwomba anieleze mara nyingi, na ameniruhusu niseme. Asidi ikipanda inachoma umio, lile koo la chakula, mwili unatuma walinzi wake waje kuzima jeraha, na walinzi hao wanapopigana wanarusha chembe kali za oksijeni ambazo zinaunguza na nyama yenyewe, mwili una vizimio vyake vya asili, lakini kila siku moto, kila siku moto, na moshi wa tumbaku unaongeza chembe nyingine juu yake, vizimio vinaelemewa, uharibifu unafika mpaka ndani kabisa ya seli. Kwa hiyo yule muuzaji hakudanganya kila kitu, hiyo kutu ipo, na mboga za majani na matunda vinausaidia mwili, Daktari hakatai, ila kufuta kutu huku asidi inaendelea kumwagika ni kazi isiyokwisha, na hakuna aliyethibitisha kwamba unga wa kopo unaweza kushika nafasi ya dawa ya asidi. Na kubwa kuliko yote, kwa baadhi ya watu koo likichomwa miaka mingi linabadilika, linaota ngozi nyingine inayofanana na ya utumbo, na ngozi ile haisikii moto kama ya kwanza. Ndiyo maana kilinyamaza. Tulitoa shukrani siku ambayo tulitakiwa kukimbilia hospitali.

Januari mwaka huu, 2025, ugali ulianza kumkwama, akawa anasukumia maji, Machi akawa wa uji tu, na tarehe 20 Mei alipimwa kwa mpira wenye kamera katika hospitali kubwa nje ya mkoa wetu, ikaonekana ni saratani ya umio iliyokwisha kusambaa. Alirudi nyumbani, alihudumiwa, alipokea sakramenti zote, na Ijumaa tarehe 12 Septemba, saa nne asubuhi, akiwa amemshika Mama mkono, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Kwa kawaida historia inaishia hapa, lakini mimi siishii hapa, mnivumilie.

Kaka yangu Marcelino, huyo hapo amevaa koti la Baba, ana kiungulia tangu mwaka 2014, bani lilelile, kuonja kulekule, na kopo lile alikuwa anagawana na Baba. Mwezi wa saba mwaka huu aliniambia kimeisha. Alisema kwa furaha kabisa, "Adela, mimi sasa nakula hata maharage," na mimi nilikuwa nimembeba mtoto, nikamfunga mgongoni nikatafuta viatu, maana sauti ilikuwa ya Baba. Nilimpeleka kwa Daktari Saimon siku ileile, Daktari akasema inawezekana si kitu, ila kwa historia ya baba yake haruhusiwi kubahatisha, akamwombea nafasi ya kamera katika hospitali ileile ya nje ya mkoa, imepatikana Alhamisi hii tarehe 18, na akiikosa inayofuata ni mwakani.

Na Alhamisi hiyohiyo ndiyo siku ya kuanua tanga. Nyote mnajua desturi yetu, mtoto wa kwanza haondoki nyumbani kaburi likiwa bichi, siku ya tanga anakalishwa mbele ya ukoo na kukabidhiwa mji, na jana kwenye kikao Baba mkubwa Yohanes, kaka yake marehemu, alisema, "Mrithi apande basi tanga halijaanuliwa? Watu watasema Hironimus hakuzaa. Hospitali haihami, ataenda baadaye." Baba mkubwa, nakuheshimu, shikamoo tena. Lakini nilimtazama Marcelino nikamwona ameshusha pumzi. Kaka, ulishusha pumzi! Wewe huogopi desturi, unaogopa kamera, unajificha nyuma ya wazee, na nilipokufuata nje ukaniambia, "Kiungulia kimeisha, acha kunizika na mimi." Sikuziki. Leo namzika mmoja, sina nguvu za wa pili, na una watoto watatu, na mimi mwenyewe tangu mimba ya Leticia nina kiungulia, Daktari amesema cha mimba huwa kinaondoka chenyewe, changu hakijaondoka, nameza dawa na nitapimwa, naogopa kama wewe, naogopa sana.

Basi asubuhi hii, kabla ya jeneza kutolewa ndani, wazee walipoingia kumpa pole Mama pale mkekani, Mama alisema mbele yao, na ameniagiza niyasome yalivyo: "Mimi ndiye mjane, na tanga ni langu. Lisipoanuliwa Alhamisi halitaoza. Nitalikalia mpaka Marcelino arudi na majibu." Baba mkubwa Yohanes alivuta kofia yake, akauliza, "Hilo basi linaondoka saa ngapi?"

Kwa hiyo natangaza kwa niaba ya familia kwamba tanga halitaanuliwa Alhamisi, litaanuliwa Jumapili tarehe 21, mliokuwa mmepanga kurudi mapema mtusamehe. Basi la Marcelino linaondoka Jumatano saa kumi na moja alfajiri, na Baba mkubwa amesema atamsindikiza mwenyewe mpaka stendi. Marcelino mwenyewe mpaka nasimama hapa hajasema ndiyo, amesema tu, "Soma, Adela, watu wanangoja." Nimesoma, kaka. Sasa ni wewe tunayekungoja.

Familia inamshukuru Daktari Saimon na wauguzi wote waliomhudumia Baba, hawakutuficha wala hawakutukatia tamaa, inawashukuru majirani wa Mshangano kwa kuni, maji na kukesha, wenzake wa mabani walioacha moto wao kuja hapa, jumuiya yetu ndogo ndogo kwa sala za kila jioni, Baba Paroko kwa kumpaka mafuta kwa wakati, na yeyote tuliyemsahau asione tumemdharau, ni machozi.

Baba, umelinda moto maisha yako yote, sasa inatosha, Mungu akupokee upumzike kwa amani, na huyu mwanao utuachie kwanza.