Rosalie Shemhilu Mugambi, Aliyemtafuta Fundi Voleke

Mama Rosalie alizaliwa Mlalo, wilaya ya Lushoto, tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa kwanza wa Mzee Yonazi Shemhilu na mkewe Elizabeti. Alilelewa zaidi na bibi mzaa mama, Kijakazi, ambaye baba yake alikuwa Mjerumani, fundi seremala aliyehamia Usambara kabla ya Vita vya Kwanza. Waingereza walimrudisha kwao mwaka 1920, Kijakazi akiwa na miaka minane.

"Aliitwa Voleke," bibi alimwambia mjukuu wake. "Sijui kama alinikumbuka."

Mama Rosalie alisoma shule ya msingi Mlalo, kisha uuguzi Bumbuli, akahitimu 1973. Mwaka 1979 alikuja Birmingham, akahudumia wagonjwa miaka thelathini na miwili. Walimpenda, ingawa hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla hajaulizwa babu zake walitoka wapi.

Mwaka 1983, hapa Aston, alifunga ndoa na Bwana Derrick Mugambi wa Meru, dereva wa basi. Mungu akawajalia Shem na Makena.

Alipostaafu 2011 alianza kumtafuta Voleke. Aliandikia makanisa na hifadhi za nyaraka; kila mahali akajibiwa hakuna mtu wa jina hilo.

"Mama Shem, huyo mzee alishakufa. Wamtafutia nini?" mumewe aliuliza.

"Namtafutia bibi jibu."

Mwaka 2018 alijiandikisha darasa la Kijerumani la Jumamosi. Siku ya tatu mwalimu wake, Bi Navdeep, aliandika W ubaoni akaeleza kuwa Wajerumani huitamka V. Mama Rosalie akasimama.

"Ngoja kwanza, mwalimu! Miaka saba nabisha hodi kwa jirani!"

Akaandika upya akitafuta jina kwa W, na mwezi uliofuata barua ilitoka parokia moja karibu na Bielefeld. Kitabu cha maziko kilisema: Wilhelm Wöhlke, seremala, alifariki 1934, ameacha mjane, wana wawili, "na binti mmoja Afrika Mashariki."

"Alikumbukwa," alimwambia mumewe, machozi yakimtoka. Kisha akafuta macho. "Lakini mbona hawakuandika jina?"

Swali hilo hakulipatia jibu. Alikwenda huko 2019, akapokewa na Gudrun, mjukuu wa Wöhlke, mdogo kwake kwa miaka minne lakini kwa ukoo mama yake mdogo. Mama Rosalie alimwamkia shikamoo palepale mlangoni, na hakuingia ndani mpaka Gudrun alipofundishwa kuitikia marahaba.

Oktoba 2024 aligundulika na saratani ya kongosho. Alivumilia bila manung'uniko, akafariki nyumbani Ladywood, Jumapili tarehe 9 Machi 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, Mzee Derrick Mugambi, watoto wawili, Shem na Makena, wajukuu wanne, na mama mdogo, Gudrun Wöhlke, aliyewasili juzi kutoka Ujerumani.

Mama Rosalie, umeuliza vya kutosha. Sasa pumzika kwa amani.