Skrubu Nne za Fundi Jicho

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya mama yetu, kaka zetu wawili na dada yetu mkubwa, tunawasomea safari ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Jicho, na tunaomba mtuvumilie, kwa sababu ndani yake lipo jambo alilolibeba miaka kumi na sita bila kulitua, akatuagiza tulitue hapa mbele yenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1958, katika chumba cha nyuma cha karakana, akiwa mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mshonaji, na bibi yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alipiga chafya kabla ya kulia, maana vumbi la mbao lilimpokea kabla ya mkunga.

Alianza shule ya msingi Januari 1966 na kuimaliza Novemba 1972, akiwa wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kuimba, kama alivyosimulia mwenyewe akicheka, kisha akasoma ufundi wa redio chuoni kwa miaka miwili, wa tatu hakuufikia, kwa kuwa babu aliugua mgongo na mtu wa kushika randa alihitajika nyumbani.

Tarehe 15 Januari 1979 aliajiriwa katika duka la kutengeneza redio, na huko aliletewa gitaa lake la kwanza la umeme la Kijapani, lililokuwa limekufa sauti, akalifungua, akalifufua, na tangu siku hiyo redio zikawa kazi na magitaa yakawa ugonjwa. Tarehe 2 Mei 1984 alifungua karakana yake, chumba chenye dirisha moja kati ya kinyozi na muuza matairi, ambako wapigaji wa bendi, walimu wa kwaya na wauza mitumba walimpelekea magitaa ya kale wakitaka kujua jambo moja tu, hili ni zima au ni sura. Aliwafundisha kwamba yapo yaliyotengenezwa harakaharaka kwa plaiwudi, yamejaa swichi na vyuma vya kung'aa kama gari la harusi, na yapo yaliyochongwa kwa mbao nzima na watu waliojua wanachofanya, na kwamba jina la kichwani si ushahidi, kwa kuwa kiwanda kimoja kiliweza kuwatengenezea wenye maduka kumi kwa majina kumi. Aligonga mwili kwa kifundo cha kidole akasikiliza, akaitazama shingo kwa urefu kama anayelenga shabaha, akapitisha kidole gumba ubavuni mwa shingo, na ncha za vile vyuma vyembamba vinavyoikata zikimkwaruza alisema, "Aliyevipiga hivi alikuwa anawahi nyumbani." Baada ya miaka, alianza kutoa hukumu kwa kutazama mara moja tu, ndipo akaitwa Fundi Jicho, na jina likamkaa vizuri kuliko ilivyompasa.

Tarehe 12 Aprili 1986 alifunga ndoa na mama yetu, ambaye alikuja na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake wa kiume, na baba na shemeji yake huyo walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana, hadi watu wakadhani wamezaliwa tumbo moja. Mungu aliwajalia watoto wanne, wa kwanza akizaliwa tarehe 20 Februari 1988, na wa mwisho, anayewasomea haya, tarehe 6 Julai 2007.

Tarehe 9 Agosti 2003, shemeji, ambaye alikuwa ameitwa ajiunge na bendi ya hoteli, alifika karakana na gitaa aliloachiwa na mpigaji mzee, lililopakwa rangi nzito ya mafuta, ya kijani, na jina la kichwani limekwanguliwa, akaomba aambiwe kama linamfaa kwa kazi hiyo. Baba alikuwa amechoka, wateja wanne wamemzunguka, akalitupia jicho bila kuweka chini lehemu, akasema, "Shemeji, dirisha la nani umeling'oa? Hii ni plaiwudi iliyoazima koti," na watu wakacheka mpaka kinyozi akaja na wembe mkononi kuuliza kuna nini. Shemeji naye alicheka, kisha kicheko kikamwishia, akasema, "Basi lichinje, fundi, uokoe spea," akatoka, hakwenda hotelini, hakushika gitaa tena, akawa dereva wa malori, na ingawa hakuacha kuja nyumbani na kula nasi, karakana hakuikanyaga tena.

Baba alilichinja jioni ileile huku akipiga soga, bila kutazama ndani, kwa kuwa jicho lilikuwa limekwisha kuhukumu. Funguo za kukazia nyuzi zilikwenda kwa bendi ya harusi, sumaku za kunasa sauti kwa mwalimu mmoja, daraja la kushikia nyuzi kwa muuza mitumba, shingo kwa kwaya, na mwili ukawa ubao wa kuchomea lehemu, hadi asubuhi ya tarehe 18 Machi 2008, alipokwangua rangi iliyoungua na kukuta chini yake mbao nzima, vipande viwili tu vilivyounganishwa katikati, mistari yake ikifuatana kama mito miwili iliyokubaliana. Katika shimo la shingo, chini ya masizi, kulikuwa na mhuri wa tarehe, na kando yake alama ya penseli ya mtu aliyeukagua mwili huo, vitu ambavyo angeviona siku ile kwa kufungua skrubu nne zinazoshika shingo na kutazama, kazi ya dakika tano. Alifunga karakana saa nne asubuhi, akarudi nyumbani, akakaa.

Mama alimwambia aende akaseme kwa mdomo wake, yaishe, lakini baba alijibu, "Nilimwaibisha na gitaa mkononi, sitakwenda mikono mitupu," akaanza kutafuta kipande kimoja kimoja, akitengeneza kingine cha kubadilishana, huyu amehama, yule amepoteza, na mwalimu wa kwaya akamkatalia miaka sita akisema, "Shingo hii haiondoki hapa, labda uniondoe na mimi." Tangu wakati huo kila gitaa lililofika alilifunika kichwa kwa kitambaa, akafungua shingo kabla ya kusema neno, na akiitwa Fundi Jicho aliitika kwa shida.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2019, madaktari wakasema ni mapafu, vumbi na rangi za miaka arobaini, na Machi 2022 mikono ilipodhoofika, kitinda mimba wake aliacha shule akiwa kidato cha pili ili amuuguze. Shingo ilirudi Februari 2024, mwalimu alipostaafu, na baba, akifanya kazi robo saa na kulala saa tatu, alikamilisha kila kitu isipokuwa kuifunga. Alilazwa tarehe 28 Septemba 2024, na shemeji alipokuja kumwona tarehe 11 Oktoba, baba hakuweza kusema kwa sababu ya kinyago cha hewa, akamshika kiganja, akaweka ncha ya kidole na kuizungusha, mahali panne, na shemeji, akidhani anaomba kitanda kirekebishwe, akazungusha mkono wa kukiinulia, akamtania, "Hata hapa hupumziki, fundi." Alifariki tarehe 14 Oktoba, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Mjomba, zile zilikuwa skrubu nne. Gitaa lako liko hapa pembeni ya jeneza, halina nyuzi, na shingo imekaa mahali pake bila kufungwa, kwa kuwa alituagiza, kabla hajalazwa, skrubu zibaki ndani ya bahasha hii, uiinue shingo, utazame ndani mwenyewe, usimwamini yeye wala jicho lake, kisha ufunge. Alisema pia ajulishwe kila aliyecheka siku ile kwamba aliyekosea ni fundi, na gitaa lilikuwa zima, na mwenye gitaa alikuwa mzima.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani waliotupikia na kutuchotea maji, kinyozi na muuza matairi waliofunga kazi siku tatu, mwalimu wa kwaya, na mafundi wenzake waliotuletea zana zake zikiwa zimesafishwa.

Baba, weka bisibisi chini. Zilizobaki ni nne, na mwenyewe amefika. Pumzika kwa amani.