Mheshimiwa Kula Anamuaga Nurdin

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mkurugenzi wa redio yetu pamoja na wafanyakazi wako wote. Masheikh, mapadri na wachungaji. Bi Mwanaharusi, mke wa mwenye shughuli. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe Nurdin, uliyeketi hapo mbele na maua shingoni kama bwana harusi: wakubwa zangu shikamooni, Wasukuma wenzangu mwadila.

Mshereheshaji amenitambulisha kwa jina langu halisi, Nestory Shimba, diwani mstaafu, nikaona mnatazamana. Huyu naye nani? Basi niwasaidie. Mimi ndiye Mheshimiwa Kula.

Enhe! Sasa mmenijua. Haya chekeni, nitawasubiri.

Kwa vijana msioijua habari hii, ni kwamba nilipogombea mara ya kwanza nilisimama uwanjani kule Mkolani, mke wangu pembeni, nikapaza sauti: "Ndugu zangu, naomba kula!" Nilikusudia kura. Lakini ulimi wangu ni wa Kisukuma, na wenzangu mnajua, herufi ile haikai kinywani mwetu hata uifunge kwa kamba. Mke wangu Rose, Mhaya wa Bukoba, alikuwa amehangaika na mimi jikoni wiki nzima, yeye anasema kura, mimi nasema kula, mpaka ugali ukaungua. Siku ile watu walicheka, wakanichagua hivyo hivyo. Ila Nurdin naye alikuwepo na rekoda yake, na Jumamosi iliyofuata, katika Sindano, kipindi chake cha vichekesho redioni, akazaliwa Mheshimiwa Kula, diwani mwenye kitambi, asiyejua lingine ila kuongezewa sahani.

Nani humu atabisha kwamba Nurdin ameusaidia mji huu? Zahanati yetu ilipokaa bila dawa, sisi madiwani tuliuliza, tukakumbusha, tukaahidiwa, tukauliza tena. Yeye akaigiza mgonjwa aliyeandikiwa dawa inayoitwa Njoo Kesho, mji mzima ukacheka mpaka machozi, na dawa zikaletwa. Wapo wakubwa waliokuwa hawamwogopi mtu, lakini Jumamosi asubuhi waliiogopa. Wengine wamo humu ndani, na leo ndio wanaopiga makofi kwa nguvu zaidi. Kwa kazi hiyo nilimheshimu, na bado namheshimu.

Lakini Nurdin, ndugu yangu, mimi sikula. Nyumba yangu wanaijua hawa. Mpaka leo ukuta wa nyuma hauna lipu. Ungesema barabara niliyoahidi haikukamilika, ningenyamaza, maana ni kweli. Wewe ulichukua kosa la ulimi ukalifanya kosa la mkono, na ulimi wenyewe nimepewa na mama yangu! Uchaguzi uliofuata, nani angethubutu kumpa Mheshimiwa Kula kura? Rose akienda sokoni Mirongo kununua sato, wachuuzi wanamwita, "Mama Kula, leo mnakula nini?" Alicheka nao, akakaza kitenge chake, akarudi nyumbani, akalia. Hilo liliniuma, jamani, na linaniuma hata sasa ninapoongea.

Rose alifariki mwaka juzi, wakati wa masika. Watoto wako Dar es Salaam na Dodoma. Wanapiga simu, wanauliza kama nimekula, tunacheka kidogo, basi, simu imekatwa. Siwafichi, nimekuwa mpweke. Mpaka leo nabandika maji ya chai ya watu wawili, nakunywa ya kwangu, mengine namwaga.

Sasa Jumamosi moja nilikuwa naosha kikombe changu, redio ikarudia igizo la zamani. Mheshimiwa Kula yuko mezani, anaita, "Lose! Lose, leta sahani nyingine!" Nikaganda pale pale.

Ndugu wageni waalikwa, mnanielewa? Dunia nzima ilimwita mke wangu Rose. Mimi peke yangu, tangu siku za uchumba, nilimwita Lose, kwa sababu sikuweza vinginevyo, na aliitika kila mara bila kunisahihisha. Kura alinisahihisha, jina lake hakunisahihisha. Nurdin alilisikia siku ile uwanjani, nilipomwita apande jukwaani. Nilipomzika nilidhani jina lile limekwenda naye, kumbe linaitwa sebuleni kwangu, kwa sauti yangu mwenyewe, na mtu niliyemnunia miaka yote hiyo! Nilizima redio kwa hasira. Halafu nikaiwasha tena. Tangu hapo, kila Jumamosi nakaa karibu na redio, nasubiri nitukanwe, nikitumaini kwamba katikati ya matusi Lose naye ataitwa.

Na sasa unastaafu. Wenzako wamekuletea zawadi, wamekusifu, na yote unayastahili. Je, umewahi kujiuliza unatuachia nini sisi tuliokuwa tunachekwa? Wanaocheka watapata kipindi kingine. Mimi Jumamosi nitakuwa na nani?

Sikuja kudai uniombe radhi. Aliyestahili kuombwa hayupo. Nimekuja na ombi moja. Nikiwa peke yangu nyumbani nimejaribu kumwita, na sauti haitoki. Wewe unaiweza sauti yangu kuliko mimi. Usitaje sahani, usitaje mheshimiwa. Mwite tu, kama nilivyokuwa namwita, mara moja, mbele ya watu hawa waliomcheka. Kisha twende wote tukale, na leo nimekusudia kula kweli.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia, hata mliocheka. Nurdin, njoo. Maiki hii hapa.